Bakuli Tupu la Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawaa!

Ehe, sasa mko macho. Hapo zamani za kale, Bi Kanga alipata jirani mgeni, Bwana Nungunungu, aliyehamia kutoka ng'ambo ya milima. Kanga akampelekea bakuli la kunde za nazi. Sasa, kwao Kanga, bakuli la jirani halirudi tupu. Kama huna kitu, unatia hata chumvi, hata limau moja. Jioni bakuli likarudi. Limesuguliwa, linang'aa, na ndani hamna kitu! Kanga akaligeuza, akalikung'uta. Wapi!

"Sisemi kitu," akasema. "Atajua mwenyewe."

Akapeleka viazi vitamu. Bakuli likarudi linang'aa, tupu. "Sisemi kitu. Atajua mwenyewe."

Akapeleka boga. Likarudi linang'aa, tupu. "Sisemi kitu! Atajua mwenyewe!"

Na kweli, Nungunungu hakuambiwa kitu. Ziliambiwa kuni, likaambiwa jiko, wakaambiwa mpaka nzi. Nungunungu akipita na kusema, "Umeamkaje, jirani?" Kanga anajibu, "Salama," huku anatazama pembeni. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Basi msinyoosheane vidole.

Kanga akataga mayai, akaatamia. Jua likawa kali, mto uko mbali, na Kenge mla mayai anazungukazunguka.

"Bi Kanga, huendi mtoni?" Kenge anauliza kwa upole. "Maji ya leo baridi, wallahi!"

Koo la Kanga limekauka. Nyumba ya Nungunungu iko pale pale, angeita tu angesikika. Lakini aite? "Hana macho huyo? Haoni nimeatamia? Mtu amekula kunde zangu, kushika zamu kidogo tu mpaka aombwe? Sisemi kitu!"

Kiu ikazidi, na hasira ikazidi kiu. Siku moja akachukua lile bakuli, hakutia kitu, akalifunika vizuri kwa kawa, akaliweka mlangoni kwa Nungunungu. "Hodi!" Kisha akajificha kichakani. Alitaka aone jirani yake atakavyoumbuka. Mayai? Ah, mara moja tu!

Nungunungu akatoka, akafunua. Akapiga ukelele. "Yarabi! Jirani yangu!" Akatimua mbio kwenda kwa Kanga, miiba inalia chakacha-chakacha-chakacha. Kanga naye mbio nyuma yake, haelewi kitu.

Wakamkuta Kenge kichwa kiko ndani ya kiota, mdomo wazi. Nungunungu akageuka, akamrudia kinyumenyume. Kenge akatoka pale na miiba mitatu puani, akilia kama mtoto.

Kanga akayahesabu mayai yake moja moja kwa mdomo. Yote yapo. Akayaatamia tena.

"Jirani," Nungunungu akasema, anahema, "shida imekupata lini, na hukuniambia?"

"Shida gani?"

"Umeniletea bakuli tupu limefunikwa! Kwetu hicho ni kilio. Maana yake nimeelemewa, njoo."

"Na yale uliyonirudishia mimi tupu?"

"Ulitaka nitie nini? Kwetu ukijaza bakuli la mtu umemwambia basi, tusijuane tena. Kwetu aliyekupikia unampikia, unatandika mkeka, unamngoja. Nimekupikia mihogo mara tatu, Bi Kanga. Mara tatu imepoa, nikaila peke yangu. Nikajiambia huyu ana maringo. Nikajiambia sisemi kitu, atajua mwenyewe!"

Kanga akamtazama. Aibu ikampanda, halafu kicheko, akacheka mpaka manyoya yakamsimama. Kisha akasema neno ambalo lilikuwa limemkwama kooni siku zote hizo.

"Jirani, nina kiu. Nikalie mayai yangu."

"Niyakalie? Na miiba hii?"

"Basi simama mlangoni!"

Kanga akaenda mtoni, akanywa, akanywa, akanywa. Aliporudi, Nungunungu akaenda kupika mihogo, na safari hii Kanga akaila ya moto.

Kenge je? Bado anazunguka. Siku hizi hachungulii viota, anasikiliza milangoni. Akisikia ndani mtu anasema "Sisemi kitu," analamba midomo, anaingia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe uliyenuna kule pembeni tangu tuwashe moto, sema upesi. Nasikia kitu kinatambaa.