Mrututu wa Delphine

Kikifunikwa kinakua, kikifunuliwa kinakufa: ni nini? Aliyejibu uyoga amekosa, na aliyejibu moto amekosa pia. Jibu ni aibu. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, yaani anayeona haya kuonyesha penye shida hatafika penye heri.

Miaka ile mabomba ya moshi ya Likasi, mji wa shaba wa Katanga, yalikuwa yamelala. Asubuhi za baridi ukungu uliufunika mji, nao ukafanana na mtu anayeota chini ya shuka. Majirani wengi wenye asili ya Kasai walikuwa wamekwisha kusukumwa hadi stesheni na kupakiwa kwenye treni, wakifukuzwa Katanga. Waliobaki, kama jamaa ya Mama Mwadi, walizungumza kwa sauti ya chini na kushika mila zao kama mtu ashikavyo mlango wakati wa upepo.

Delphine alikuwa bibi harusi mpya wa Athanase, mwana wa Mama Mwadi. Siku moja akioga, vidole vyake viligusa vinundu vidogo kwenye ngozi ya sehemu zake za siri. Vilikuwa laini, vinang'aa kama shanga, wala havikuuma. Aliijua mila ya ukweni iitwayo tshibawu: mke akiguswa na mwanamume mwingine na asiungame, balaa huonekana mwilini, na mtoto atakayezaliwa hataishi. Delphine hakuguswa na yeyote isipokuwa mumewe, lakini nani angemwamini?

Akavificha. Alifunga na kuomba pamoja na wamama wa kanisani, asiseme anaombea nini. Vinundu vikaongezeka. Hapo, kwa kuwa alikuwa binti wa mji wa shaba, akakumbuka mrututu, ile chumvi ya kibuluu ambayo wachimbaji hupaka vidonda vya miguu. Aliuloweka, akavisugulia vinundu. Uliunguza kama pilipili jichoni. Akarudia, na akarudia tena, mpaka ngozi ikachubuka na kutunga usaha, na homa ikampanda.

Katika homa ile ndoto na mchana vilichanganyika. Alijiona akitembea njia ya machimbo ya Kakontwe, mawe meupe ya chokaa yakimwota mwilini, kila jiwe na jicho lake, na wapita njia wakiyatazama. Akiamka, hakujua ndoto imeishia wapi. Athanase akimsogelea kitandani, yeye aligeukia ukuta. Athanase, mtu mpole kama maji ya mtungini, alimwuliza kama amemchukia. Kisha akampelekea mama yake habari.

Mama Mwadi alimwita mkaza mwanawe jikoni. Alianza kwa mbali, akalalamikia unga na maji yasiyofika bombani, kisha akanyoosha maneno. Wazee wa ukoo wangekuja kesho. Delphine akilitaja jina la mwanamume, atatakaswa na kusamehewa. Akinyamaza, atapandishwa treni arudi kwa jamaa yake Mwene-Ditu, huko Kasai.

"Sema jina yake tu, mwana yangu," alisema. "Minye siko na hasira."

Jina lilimjia Delphine ulimini. Kulikuwa na Dominique, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara, ambaye humsalimu kila akipita. Neno moja la uongo, naye angebaki na mume wake. Lakini vinundu vingebaki pia, na Dominique angepotea bure. Akalimeza lile jina. Alisimama, akafunga mlango, akafungua kikwembe chake.

"Mama, siko na jina," alisema. "Niko na hii. Uangalie."

Mama Mwadi aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Ni nani amekuchoma hivi?"

"Ni minye. Na mrututu."

Mama Mwadi alijifunga upya kitambaa cha kichwa, akamwambia avae viatu.

Kwenye zahanati ya masista dawa zilikuwa haba, ila Sista Clotilde, muuguzi, alikuwa na macho matulivu. Alimwuliza Delphine kama vinawasha na kama mume anavyo. Kisha akamsogeza Mama Mwadi karibu na mwanga, akamwonyesha kwamba kila kinundu kina kishimo katikati, mfano wa kitovu. Alieleza kwamba hivi si sunzua wala kaswende. Ni ugonjwa wa ngozi unaopita kwa kugusana, kitandani au kwa taulo moja, na mara nyingi huondoka wenyewe polepole. Cha hatari kilikuwa kidonda cha mrututu. Alikiosha, akatoa vidonge vya kukausha usaha, akakataza kukwaruza na kunyoa, maana wembe husambaza. Athanase naye aje atazamwe, na wote wawili wapimwe damu, mashaka yasilale nao kitanda kimoja.

"Kama kitovu," Mama Mwadi alirudia taratibu. "Michelle iko navyo ku shingo."

Michelle alikuwa mjukuu wake wa miaka mitatu, ambaye hufutwa maji kwa taulo ileile ya Delphine.

"Basi na yeye aitwe mbele ya wazee," Sista Clotilde, aliyekwisha kuambiwa habari za wazee, alisema. "Ataje mwanaume wake."

Mama Mwadi alicheka hata machozi yakamtoka, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Wazee walipofika, aliwapakulia bukari na samaki, akawaambia wameitwa kula tu.

Kidonda kilikauka. Damu za wote wawili zilikuwa safi. Vinundu vikapukutika kimoja kimoja, bila kelele, kama nyota za alfajiri, na Delphine akageuka kutoka ukutani.

Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta katika uchungu wa uzazi, Mama Mwadi akiwa mkunga wake. Hata pale, kwa haya ya ujana, Delphine alikuwa ameng'ang'ania nguo yake kwa mikono miwili.

"Achilia, mwana yangu," mama mkwe alimnong'oneza. "Weye ulishaacha kunificha."

Delphine akaachilia, na mtoto akalia kwa sauti kubwa. Hakika, mficha uchi hazai.