Maalimu Shale na Kiti cha Uliwali

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba kabla bendera za Wazungu hazijapandishwa pwani palikuwa na mwalimu wa chuo cha Qur'ani akiitwa Maalimu Shale bin Kombo, mchamungu, mpole wa maneno, aliyekuwa na kilemba kimoja tu cha Ijumaa na cha Idi.

Ikawa Sultani amemsikia kijana wa mji wa maalimu huyo akisoma Qur'ani, akalia hadi ndevu zikalowa. Akauliza kijana huyo alisomea wapi. Akaambiwa, chuoni kwa Maalimu Shale. Papo hapo akaazimia kumpa maalimu uliwali, autawale mji kwa niaba yake.

Siku ya kutawazwa baraza lilijaa, na wanawake walikaa nyuma ya pazia. Maalimu alikuwa na furaha, wala hakuificha. Mji ulikuwa na kisima kilichofukiwa kwa ugomvi wa mitaa miwili, na mayatima wasio na pa kusoma. Yote hayo alitaraji kuyatengeneza. Sultani akasema, "Aliyemfundisha kijana yule kusoma vile ndiye anayestahiki kiti hiki."

Maalimu akawaza. Angenyamaza, nani angejua? Akainuka.

"Maulana, Mungu akupe umri. Kijana yule sikumfundisha mimi. Alifundishwa na mke wangu, Mwana Somoe."

Wakubwa wakatazamana, wengine wakacheka chini kwa chini. Sultani akaligeukia pazia. "Bibi, ni kweli asemayo mumeo?"

"Ni kweli, Maulana," akajibu Mwana Somoe. "Kusoma nilimfundisha mimi. Lakini alikuwa mtoro asiye kifani. Kila asubuhi maalimu alimfuata vichakani, akakaa naye, akazungumza naye hata akamchekesha, kisha akarudi naye wameshikana mikono, bila fimbo. Mwaka mzima. Nami ningemfundishaje asiyekuwapo?"

Sultani akacheka hata kilemba kikamwenda upande. "Wasomaji katika mji huu ni wachache," akasema, "watoro ndio wengi. Liwali wangu ni huyu huyu."

Vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia. Mwaka haukuisha, watu wa mitaa ile miwili walikizibua kisima kwa mikono yao, liwali akiwa katikati yao ametota tope, na Mwana Somoe akafungua chuo cha mayatima.

Ndugu zangu, maalimu angeweza kukipata kiti kile kwa kunyamaza, lakini angekikalia kwa woga siku zote. Yeye alikikalia kwa raha. Mola atujaalie ndimi kama ule wake, na wenzi wa kutusemea kheri ambayo sisi wenyewe hatukuiona.