Haidroliki ya Mzee Kajiru

Ndugu wawili waliachiwa gari na baba yao. Lilikuwa gari refu la kupandia milima, lenye gia zinazojibadilisha zenyewe, na lilikuwa limetembea sana ughaibuni kabla ya kuvuka bahari, kisha likatembea sana tena baada ya kufika. Mzee Kajiru alilinunua likiwa limetumika, akaliendesha mpaka nguvu zake zilipomwishia. Alipoona siku zake zimekaribia, aliwaita wanawe kando ya kitanda akawagawia kazi. Mkubwa, Zefania, alimwambia, "Wewe utamwaga oili." Mdogo, Nimrodi, alimwambia, "Wewe utaangalia haidroliki." Akavuta pumzi, kisha akasema gari hilo ni la kumbebea mama yao, na mengine yote yafuate nyuma. Wakaitikia. Hazikupita siku nyingi wakamzika.

Nyumba yao ilikuwa juu kabisa, kwenye mgongo wa milima ya Upare, na hospitali yenye mashine ya kusafisha damu ilikuwa chini, tambarare. Figo za mama yao zilikuwa zimechoka. Siku ya mashine ilikuwa siku ya mashine. Akiikosa, uso na miguu vilimvimba, na akilala alihisi kama anazama. Pikipiki hakuweza kuikalia. Basi halikupanda njia ile. Kwa hiyo gari halikuwa fahari ya ukoo. Ndilo lililomfanya mama aendelee kuwa hai.

Wana wale walilishika neno la baba yao. Zefania alikuwa mkulima wa tangawizi, mtu asiyependa kuambiwa jambo mara mbili. Hakungoja gari lilalamike. Oili ya injini ikianza kuwa nyeusi aliimwaga, akatia mpya, akabadilisha na chujio, akafuta mikono, na moyo wake ukatulia. Nimrodi alikuwa fundi cherehani. Yeye naye, kila alipolichukua gari, alifunua boneti, akafungua kifuniko cha haidroliki, akachungulia, ikipungua akaongeza. Hakuna aliyekuwa mvivu. Mlishike hilo, maana mbele ni rahisi kulisahau.

Ufunguo ulining'inia jikoni kwa mama. Wiki hii aliuchukua mmoja, wiki ijayo mwingine. Hawakuwa wamegombana. Ila tangu msiba kulikuwa na maneno ambayo hayakusemwa, na kila mmoja alidhani ni zamu ya mwenzake kuyasema. Basi walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za watoto, na hawakuwahi kupanda gari lile pamoja.

Gari likaanza kusita. Zefania alitia gia ya kwenda mbele, gari likakaa kwanza kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini, kisha likaruka kwa kishindo. Akawaza kwamba hilo liko upande wa Nimrodi, na Nimrodi ataliona. Wiki iliyofuata Nimrodi alisikia injini ikinguruma mlimani huku gari halisogei kama ngurumo ile ilivyoahidi. Akawaza, injini ni ya kaka, na kaka ataisikia. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Si kwa ubaya. Kila mmoja aliona haya kumkagua mwenzake kwenye kazi aliyopewa na marehemu.

Siku moja Zefania alikuwa akimrudisha mama kutoka kwenye mashine. Walipofika kwenye kona ile kali kuliko zote, alikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele, gari halikwenda. Akakanyaga zaidi. Kelele ikazidi, na gari likaanza kurudi nyuma polepole kuelekea ukingoni. Akabana breki kwa miguu yote miwili. Mama, aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma, akafumbua macho.

"Tumefika?"

"Bado, mama."

"Mbona linapiga kelele kama limefika?"

 Zefania alizima, akangoja mpaka joto likapungua, akawasha tena, na safari hii gia ikakamata, wakajikongoja hadi nyumbani. Lakini moyo wake ulibaki pale kwenye kona. Kilichomchanganya ni kwamba nguvu ilikuwepo, aliisikia kwa masikio yake. Magurudumu yalikuwepo. Barabara ilikuwepo. Kati ya nguvu na magurudumu palikuwa na kitu kilichokuwa kikifa kimyakimya, naye, mtu aliyelitunza gari kwa uaminifu wote ule, hakujua hata jina lake.

Alilipeleka kwa fundi Mrindoko, jirani yao wa mlimani. Mrindoko alichomoa kijiti cha kupimia, si kile Zefania alichokizoea, kingine kilichojificha ndani zaidi, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akanusa, akakunja uso.

"Bwana Zefa, hii ikiwa nzima ni nyekundu, unaweza kumpa mgeni ukamwambia ni juisi ya rozela. Hii yako ni kahawa ya matanga. Mmeimwaga lini?"

"Oili namwaga kila mara."

"Siyo ya injini. Nakuuliza haidroliki ya giaboksi."

"Haidroliki ni ya mdogo wangu."

Mrindoko akacheka mpaka akaegemea gari. "Kumbe humu ndani ya boneti namo mna mpaka wa shamba!"

Nimrodi akaitwa. Alifika na mkanda wa kupimia ukiwa bado shingoni, akaapa kwamba haidroliki haijawahi kupungua mikononi mwake. Akaingia garini, akawasha, akauzungusha usukani kwa kidole kimoja, ukazunguka kama maji. "Si huo hapo, kaka? Mwepesi kama siku baba alipolinunua gari." Na alisema kweli. Maana mafundi wa huko huita haidroliki ile oili inayoufanya usukani uwe mwepesi, na huita haidroliki ile oili inayoifanya gia ikamate, jina moja kwa vitu viwili, kila kimoja na chombo chake. Nimrodi alikuwa ameitunza ya usukani bila kukosa. Ile ya gia, tangu gari liingie katika nyumba hiyo, haikuguswa na mtu.

"Baba alisema haidroliki," Nimrodi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ipi?"

"Haidroliki."

"Nimu, ipi?"

"Nitajuaje, kaka? Nawe ulikuwepo. Mbona hukuuliza?"

"Siyo mimi niliyeambiwa."

Wakatazamana. Yule ambaye angewajibu alikuwa chini ya udongo. Labda alimaanisha zote mbili. Labda alimaanisha ya usukani, naye mwenyewe hakujua kama kuna nyingine. Zefania alijaribu kuukumbuka uso wa baba yake wakati akilisema neno lile, kama kwamba usoni pangekuwa na maelezo, akakumbuka tu kwamba mzee alikuwa na kiu.

Ikabaki kujua la kufanya, na hapo ndipo giza lilipoongezeka. Mrindoko alisema imwagwe yote leo, ioshwe ndani, itiwe mpya, maana uchafu ule unakula vyuma kila gari linapotembea. Nimrodi akampigia simu Semboja, fundi wa tambarare anayejulikana kwa magari ya namna hiyo. Semboja akasema msithubutu. Vibati vya ndani ya giaboksi, vinavyobanana ili gia ikamate, vimekwisha lika, akasema, na sasa vinashikana kwa msaada wa uchafu huohuo. Ukiuosha wote kwa mara moja, havitakuwa na cha kushikia, na gari halitatoka hapo lilipo. Mrindoko alitaja magari aliyoyaokoa kwa kuyamwaga haidroliki. Semboja alitaja magari yaliyokufa siku yalipomwagwa. Wote wawili walikuwa wameona kwa macho yao, na hakuna aliyekuwa akidanganya.

Zefania aliomba. Alipata utulivu kidogo, jibu hakupata. Siku ya mashine ilikuwa inakuja. Akilimwaga na likafa, atakuwa amemuua mama kwa mikono yake. Asipolimwaga na likawaangusha kwenye kona, atakuwa amemuua vilevile. Akatamani mmoja wa mafundi wale awe mjinga, ili amwamini mwingine.

Mwisho ndugu wakakutana kwa mama. Zefania alikuwa ameelekea kumwaga. Nimrodi alikuwa ameelekea kuacha. Walianza kwa sauti ya chini, na ndipo yale yasiyosemwa yakapata mdomo.

"Wewe tangu msiba unataka kumwaga kila kitu," Nimrodi akasema. "Viatu vya baba ulivigawa kabla hata miguu yake haijasahaulika."

"Na wewe unataka kila kitu kikae kilivyo, hata kikinuka."

"Bora kinuke lakini kitembee!"

"Kinatembea? Ulikuwepo pale kwenye kona?"

Mama yao alikuwa ameketi karibu na mlango, miguu iliyovimba ameiweka juu ya kigoda. Alikuwa amechoka, na hakuwa na nia ya kumshauri mtu.

"Mimi damu yangu hawaimwagi yote," akasema. "Inatoka kidogo, inasafishwa, inarudi, ndipo nyingine itoke. Wangeimwaga yote kwa mpigo mmoja mngekuwa mmeshanizika. Hebu nyamazeni, mnipe maji."

Nimrodi akampa maji, yale ya kipimo alichowekewa hospitalini, kikombe kidogo. 

Siku iliyofuata walikwenda kwa Mrindoko wote wawili. Wakamwomba afungue nati ya chini ya giaboksi, atoe kile kitakachotoka chenyewe bila kulazimishwa, na kiasi hichohicho akirudishe kikiwa kipya, kilichobaki ndani akiache. Mrindoko akajikuna kichwa. Alisema huenda ikafaa na huenda isifae. Semboja, alipoelezwa kwa simu, alisema hilo hawezi kulikataza wala hawezi kuliahidi. Nati ikafunguliwa. Kikatoka kitu cheusi, kizito, kama kimetoka kaburini. Mrindoko alipofungua sinia la chini ili abadilishe chujio, walikuta sumaku iliyomo humo imefunikwa unga wa chuma, laini kama poda. Nimrodi aliugusa, akausugua kati ya vidole vyake. "Haya ndiyo meno ya gari," akasema, na hakuna aliyecheka. Wakatia ile nyekundu. Ndani ikachanganyika na nyeusi iliyobaki, na kilichopatikana hakikuwa kipya wala hakikuwa cha zamani.

Siku ya mashine ilipofika, Zefania alitoa ufunguo jikoni, akaenda zake kwenye gari. Alimkuta Nimrodi amekwisha kaa kiti cha mbele, mkanda ameufunga.

"Siyo wiki yako," Zefania akasema.

"Najua, kaka. Nataka kusikia unachosikia."

Wakashuka na mama, wakapanda naye. Pale kwenye kona Zefania alikanyaga mafuta taratibu. Gari likakaa kidogo, wote watatu wakazuia pumzi, kisha gia ikakamata, wakapita.

"Umeisikia ngurumo?"

"Nimeisikia."

"Ni ile uliyoisikia mwanzo, au nyingine?"

"Sijui, kaka. Kweli sijui."

Ikawa hivyo tangu hapo. Baada ya safari kadhaa nati hufunguliwa tena, hutoka kidogo, huingia kidogo, na kila mara kinachotoka huwa na weusi uliopungua. Njiani nako mambo yakawa vivyo hivyo. Safari moja Nimrodi alisema aliumia kwamba hakuulizwa baba alazwe upande gani wa shamba. Siku hiyo Zefania aliendesha tu. Safari iliyofuata, walipokaribia soko, alisema, "Ile habari ya kaburi. Niliogopa kukuuliza, maana ungelia, nami ningelia." Kisha wakarudi kwenye mambo ya bei ya tangawizi.

Gari limepona? Zefania mwenyewe hajui. Ziko siku linakamata mara moja kama kijana, na ziko siku linasita, na moyo wake unasita nalo. Hajui kama analitibu au analisindikiza. Mrindoko anasema anaona matumaini. Semboja anasema ngojeni. Mama anauliza tu kama wamefika. Lakini siku za mashine hazijampita hata moja, na katika kona ile sasa yapo masikio mawili ya ziada.

Ukiuliza ni yupi kati ya wana wale aliyeliasi neno la baba yao, hutampata, maana kila mmoja alilitii kama alivyolisikia. Basi ninyi mliogawana kazi za nyumba, na kila mmoja ameifanya yake hadi jasho likamtoka: kile kilicho katikati yenu, mmemwachia nani?