Mafiga ya Kiangi

Mafiga mgongoni hayaivishi maharage. Ndivyo nilivyomwambia mjomba wenu asubuhi hii, kwa kuwa mwaka wa pili huu choo chake hakina mlango, eti barua ya uhamisho iko njiani. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Sikuyatunga mimi, wajukuu zangu. Yalishuka nasi kutoka Kihomwe, na mwanzo wake ni huu.

Kihomwe ulikuwa mji mdogo juu ya mlima, wenye soko, posta, kanisa na msikiti, na vijiji tisa vikiuzunguka chini ya halmashauri moja. Mwaka nilipotimiza miaka tisa, masika yalipokwisha, tuliona ufa mlimani juu ya soko, mpana kiasi cha kummeza mbuzi. Halmashauri ikatangaza kwamba watu wote wa mjini watahamishiwa bondeni. Malori yatakuja. Siku haikutajwa.

Hapo ndipo utulivu ulipotutoka. Kwetu mtu akihama huhama na mafiga yake, maana yameona harusi na misiba ya nyumba, hayaachiwi wageni. Na nyumba iliyong'oa mafiga haitii mbegu ardhini, kwa sababu imeshaaga. Basi wiki ileile mji mzima uling'oa. Baba yangu, Kiangi, aliyafunga yetu ndani ya gunia, akaliweka mlangoni. Tukawa tunapikia juu ya matofali mabovu yaliyoyumba, na chungu cha maharage kilipopinduka mara ya tatu tukazoea uji.

Kila gari lililopanda kona za mlima lilituinua. Baba akisikia ngurumo hubeba gunia mgongoni, mbio mpaka barabarani. Kumbe lori la kabichi! Anarudi akihema, na kesho tena. Alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia, nasi watoto tukaambukizwa, hata kucheza mbali na nyumba hatukuthubutu.

Miezi ikapita, mvua za vuli zikaanza. Ndani tulikuwa na debe moja la mbegu ya maharage, na watoto tulikuwa watano. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya kijito, mbali na ufa. Mama yangu, Namkunda, alijua kwamba tusipopanda wiki ile, njaa itatukuta.

"Baba Elinazi," akamwambia baba, "nipe mafiga niyarudishe. Nataka kupanda."

"Umerukwa na akili? Malori yanakuja kesho."

"Kesho ipi? Mbona kesho zako haziishi?"

"Karani wa halmashauri akikuta tumerudisha mafiga atasema tumekataa kuhama, atatufuta kwenye orodha. Unataka wanao wabaki chini ya ufa?"

Mama aliuogopa ufa ule kuliko sisi sote.

"Ufa nauogopa," akasema. "Lakini ufa huenda ukatuacha. Njaa naijua, ilimchukua mdogo wangu. Nipe mafiga."

"Sikupi."

"Haya, kaa nayo."

Akateremka kijitoni, akachagua mawe matatu, akayapandisha kichwani moja moja mbele ya macho ya mji mzima. Watu wakamcheka: mwanamke gani huyu anayepikia mawe yasiyo na ukoo! Aliyachimbia jikoni, akashika jembe. Baba kwa aibu akahamia kula kwa mdogo wake, Mshana. Nami niliona aibu, sitawaficha. Nilipita njia ya nyuma nisionekane nikimpelekea mama maji shambani.

Maharage yalipokomaa, baba alirudi siku ya chungu cha kwanza. Alikaa, akala, akasogeza bakuli aongezwe. Gunia lilikuwa karibu na mguu wake.

Malori yalikuja kweli, mwezi wa pili. Mji mzima ulijipanga barabarani, kila mwanamume na gunia lake la mawe, na chakula hakuna. Karani akapaza sauti: "Watu, vyombo na chakula tu! Mawe shusheni. Bondeni mawe yamejaa tele."

Mama alikuwa amekwisha panda lorini na magunia yake mawili ya maharage. Baba alibaki amesimama, mgongo umepinda, na moyo uliniuma kumwona vile. Akageuka, akamwona Mshana amewashika wanawe, kibindoni hana hata punje. Baba akalishusha gunia taratibu ukingoni mwa barabara, akampokea Mshana mtoto mdogo.

"Pandeni," akasema. "Tutakula wote cha shemeji yako."

"Na mafiga, kaka?" Mshana akauliza. "Tunayaacha kweli?"

"Nimeyabeba tangu masika, Mshana, na hayajanilisha hata siku moja," baba akajibu. "Mafiga mgongoni hayaivishi maharage."