Pimbi na Jabali la Majibu

Wajukuu zangu, kuna jambo sijalitegua mpaka leo: kwa nini anayewajibu wenzake mchana kutwa, ukimuuliza habari zake mwenyewe, huwa bubu?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na mafiga yao, kulikuwa na Jabali la Majibu. Mwenye shida alisimama bondeni akaita, "Huuu! Mwanangu ana homa, nimpe nini?" Juu hapakukosa wa kujibu: Kobe, Kanga, au Pimbi, mdogo wao. Walijibu kwa zamu, bure. Ah, siku zile! Swali likipanda na jibu likishuka, ulijua hukuwa peke yako.

Siku moja akaja Kifaru, tifu! tifu!

"Hapa nitajenga ua wangu. Kelele zenu zimemfaa nani? Kesho barazani nionyesheni hata mmoja. La sivyo, mhame!"

Pimbi akawakimbilia wenzake. "Bibi Kobe, kesho simulia ulivyoanza."

"Mie? Mie nina nini cha kusimulia, mwanangu?"

"Basi wewe, Mama Kanga."

"Kwa-kwa-kwa! Nijisifu mbele za watu? Aibu!"

Pimbi akajikuna. Aliwajua wenzake: hakuna aliyeweza kusikia jibu lenye kosa akanyamaza.

Kesho yake asubuhi akasimama barazani. "Waheshimiwa, Bibi Kobe alikuja jabalini kufuata kivuli tu."

"Uongo!" Kichwa cha Kobe kikatoka, chomo! "Nilikuja mwaka wa moto. Moshi ulinipofusha. Sauti ikaita kutoka jabalini, 'Kushoto, bibi, mto uko kushoto!' Aliyeniita simjui hata leo. Nikaapa nitakuwa sauti ya mwingine."

Wanyama wakasogea karibu wasikie.

"Na Mama Kanga," Pimbi akaendelea, "alifukuzwa kwao kwa uvivu."

"Ala! Huna adabu wewe! Mvua ilipoza mayai yangu, nikaita nikilia. Wakanifundisha kuyafunika kwa majani makavu. Wakatoka vifaranga kumi na mmoja! Kumi na mmoja, unasikia?"

"Nasikia. Ila mama yake Bwana Kifaru hakuwahi kuliita jabali hili."

"Nani kasema?" Kifaru akafoka. "Mama aliita mpaka sauti ikamkauka! Nilikuwa mtoto, nimezama topeni hadi shingoni. Wakamwelekeza aniwekee matawi miguuni, nikapanda, nika..."

Pembe ikainama.

"Pimbi, ulijuaje?"

"Sikujua, bwana mkubwa. Mimi nimekosea tu. Wewe ndiwe uliyesahihisha."

Wanyama wakaangua kicheko, na Kifaru naye akacheka, macho yamelowa.

Wema usiposimuliwa husahauliwa hata na aliyetendewa.

Baraza likaamua: jabali libaki, na kila ajaye kushika zamu aanze kwa kusimulia kilichomleta. Tena njia ya kupandia, iliyozibwa na miiba, ifyekwe. Aliyeifyeka, asubuhi ileile, kwa pembe yake mwenyewe, ni Kifaru.