Kadi Mbili za Nyawera

Jikune usipofikia, kwa maana kesho huenda mkono huna. Hivyo ndivyo watu wa Bukavu walivyoipindua methali ya wahenga katika mwaka wa tano wa vita, na hakuna aliyethubutu kuwalaumu. Aliyeweka akiba aliwawekea askari. Aliyejaza ghala aliwajazia waporaji. Basi aliyepata nyama aliimaliza siku ile ile, na aliyepata kitenge kizuri alikivaa hata kwenda kuteka maji. Uchovu ulikuwa umewaingia watu hadi kwenye mifupa, na mtu aliyechoka hapimi. Hukamata kilicho kikubwa akalala nacho.

Assani, mwana wa kwanza wa nyumba moja ya Waislamu waliotoka Uvira wakafanya biashara Nyawera, mtaa wa Bukavu, aliiamini methali hiyo iliyopinduliwa kuliko wenzake wote. Duka la vitenge la baba yao lilikuwa limeporwa mara mbili. Mara ya kwanza wakachukua vitenge. Mara ya pili, walipokuta rafu tupu, wakachukua rafu. Baba hakuumaliza mwaka. Ndipo Maisara, dada yake Assani, aliyekuwa na diploma ya kompyuta na hana ofisi ya kumwajiri, alipokusanya kompyuta kuukuu zilizoachwa na shirika moja lililoukimbia mji, akazipanga mle dukani, akafungua chumba cha michezo.

Haikuwa biashara ya kumtajirisha mtu. Ilikuwa uzio. Shule zilikuwa zikifunguliwa na kufungwa kama mlango uliolegea bawaba, na vijana wa mtaa walizidi kupungua. Walipanda milimani kwa wapiganaji, baadhi kwa hasira, wengi kwa kukosa la kufanya. Akili, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa amekwisha kupatana na rafiki zake kuwa wangetorokea upande wa Mumosho, kwa wapiganaji hao. Maisara hakumfungia mlango wala hakumlilia. Alimkalisha mbele ya mchezo wa mpira wa miguu, akamtafutia wa kushindana naye. Akili akawa bingwa, na bingwa haondoki huku watu wamepanga foleni wakitaka kumng'oa kitini. Kila jioni aliyokaa kwenye kiti kile ilikuwa jioni ambayo vita vilimkosa.

Kisha mchezo mpya wa mpira ukaingia mjini, na mashine kuukuu zikashindwa kuuchora. Ndani ya kompyuta kuna kadi ya picha, nayo ni kama fundi wa rangi: mashine hufikiri, kadi huchora kile kilichofikiriwa. Kadi za Nyawera zilikuwa mafundi wazee wenye mikono ya kutetemeka. Mpira ulifika golini kabla mguu wa kuupiga haujachorwa. Wachezaji walionekana kama mbuzi kwenye ukungu. Vijana wakaanza kupiga miayo, na katikati ya miayo hiyo Maisara akasikia tena jina la Mumosho.

Alilichunguza jambo hilo kama mwari anayechagua kanga ya arusi. Alijua kwamba kadi za bei ya chini zingechakaa kabla ya msimu kwisha. Alijua pia kwamba zipo za katikati zilizovalishwa jina la ukoo wa zile kubwa huku nguvu zake ni za maskini, na kwamba namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni kilemba juu ya kichwa kitupu. Akachagua kadi ya katikati iliyo kweli: nyembamba, isiyo na kelele, isiyodai waya wake wa umeme. Akataka mbili, kwa kuwa mpira huchezwa na wawili, mashine kwa mashine. Mama yao akavua bangili zake, na Assani akaondoka kwenda Kampala.

Alirudi na moja. Ilikuwa kubwa kama tofali, ina feni yake na waya wake, na juu ya boksi lake palichorwa zimwi lenye upanga. Maisara aliuliza iko wapi ya pili.

"Ulisema mbili za katikati," Assani akajibu, akilipangusa boksi kwa mkono wa shati. "Katikati ni ya watu wenye wako na kesho. Sisi tuko na leo tu. Acha leo ikuwe kubwa."

Waliijaribu Jumapili asubuhi, na hapo ndipo lilipokuwa kosa, kosa ambalo mtu wa mji mwingine asingeweza kulifanya. Jumapili asubuhi Bukavu nzima iko kanisani. Majiko ya umeme yamezimwa, viwanda vimelala, na umeme wa bwawa la Ruzizi hufika Nyawera umeshiba. Familia hii ya Waislamu, iliyokuwa nyumbani peke yake, ikauona umeme wa siku hiyo ikadhani ndio umeme wa mji. Kadi ile ikachora nyasi za uwanja moja moja. Ikachora jasho kwenye shingo ya golikipa. Modeste, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa mpinzani mkuu wa Akili, alipotoka misani akakuta sherehe imepamba moto, akamtania Maisara kwamba diploma yake imepigwa chenga na kaka asiye na diploma. Maisara alicheka pamoja nao. Hakuwa na nguvu za kubishana.

Assani alipokwenda Uvira kufuata ndagala, dagaa wa ziwani, Maisara aliijaribu tena kadi ile, safari hii saa za jioni, wakati kila nyumba imeinjika sufuria. Balbu juu ya kichwa chake ilinywea ikawa nyekundu kama nyanya. Feni ya kadi ikaguna, mashine ikazima. Akaiwasha, ikazima. Alipoiwasha tena alisikia harufu ya plastiki iliyoanza kuiva, akauchomoa waya haraka. Vijana waliosimama nyuma yake wakaanza kutoka mmoja mmoja. Akili alivaa viatu vyake.

"Unaenda wapi?" Maisara akamuuliza.

"Popote, yaya," akamjibu dada yake mkubwa. "Hapa mutu mumoja anacheza na bengine banaangalia, tena asubuhi tu. Kule hata kama ni kufa, watu wanaenda pamoja."

Asubuhi iliyofuata, Akili akiwa bado hajaondoka mjini, Maisara aliifunga kadi kubwa ndani ya kitenge akateremka nayo kwa Zagabe, mwanamume mnene mwenye kupenda mzaha, aliyekuwa na chumba cha michezo kilichoshindana na chake. Macho ya Zagabe yaliwaka kabla kitenge hakijafunguliwa hadi mwisho. Maisara alimwomba kadi mbili za katikati zilizokuwa ndani ya mashine zake, na kabla hajapokea mkono wa makubaliano akamweleza, mbele ya wachezaji wote waliokuwapo, kwamba kadi hii jioni haitawaka, na ikilazimishwa itaungua pamoja na mashine.

"Mutoto wa Uvira anaogopa moto," Zagabe akawaambia vijana wake, nao wakacheka. Aligonga kisanduku cha kutuliza umeme kilichokuwa chini ya meza. "Miye niko na stabilizateri, mama. Wewe kamata tudogo twako, uende salama."

Maisara akamwambia kisanduku kile kinaweza kumnyanyua mgonjwa, hakiwezi kumfufua maiti. Akarudia onyo lake tena, polepole. Zagabe alikuwa tayari ameshika bisibisi.

Jioni ile ile mashine mbili za Nyawera ziliunganishwa kwa waya. Nyasi hazikuonekana moja moja, na jasho la golikipa halikuwapo. Lakini mpira ulifika mguuni kwa wakati wake. Balbu iliponywea, mashine ziliendelea kunong'ona kama watu wazima wasioshtuliwa na kitu kidogo. Akili aliingia kuchungulia tu, viatu vikiwa bado miguuni. Modeste alimwita mkimbizi. Akamwambia bingwa anayeacha kiti bila kufungwa bao ni sawa na askari aliyetupa bunduki. Akili akakaa. Walicheza mpaka Modeste akafungwa, akadai marudiano, akafungwa tena, akasingizia kiti. Kesho yake foleni ilirudi mlangoni, ndefu, ya vijana wenye kelele na njaa, na Maisara akasinzia akiwa ameegemea ukuta, kwa mara ya kwanza tangu baba yao afe.

Kwa Zagabe mambo yalikwenda kama yalivyotabiriwa. Siku za kwanza alifungua asubuhi tu na chumba kikajaa. Kisha tamaa ikamshika. Akatangaza mashindano ya jioni. Umeme ulinywea, stabilizateri ikalia kama mtoto, kadi ikaungua na mashine ikafuata. Zile mashine mbili alizozing'oa kadi hazikuweza kuchora chochote, na nyingine hakuwa nayo. Akafunga mlango, vijana wake wakatawanyika. Lucien, mpwa wake aliyekuwa akilala mle chumbani, mtoto wa dada yake mjane, alitawanyikia mlimani. Hakuaga.

Zagabe alikuja Nyawera siku Assani aliporudi kutoka Uvira. Hakuja na mzaha. Alisimama katikati ya chumba, mikono imening'inia, akasema alipewa sumu iliyofungwa ndani ya kitenge. Akasema dada yake hali, hanywi, anaketi barabarani akitazama njia ya Nyantende, kwa maana ndiko walikosema Lucien alipitia. Halafu akasema jambo lililomleta: Maisara alijua kadi ile ni moto, akautoa moto nyumbani kwake akaupeleka kwa jirani, ili mdogo wake abaki na mtoto wa mwenzake aende.

Vijana waliacha kucheza. Assani, ambaye bado hakuwa amelitua hata furushi lake, alielewa mambo yote kwa mkupuo mmoja: kadi yake ilibadilishwa akiwa safarini, na mtu mzima analia dukani kwao. Alikuwa amechoka na barabara, amechoka na vizuizi vya askari, amechoka kuona watu wazima wakilia.

"Mwombe radhi, Maisara," akasema. "Neno moja tu. Mutu aende kwake akalale. Nami uniombe, yaishe."

Lilikuwa jambo jepesi. Radhi ni maneno, na katika mji ule maneno ndiyo yaliyokuwa yamebaki kwa wingi. Maisara alimtazama Zagabe, akamwonea huruma ya kweli. Akamtazama Akili, aliyekuwa amegeuka kitini akisubiri kusikia kama kubaki kwake hai lilikuwa kosa la mtu.

"Pole nakupa, Papa Zagabe, kwa moyo wote," akasema. "Saa hii nitavaa mutandio twende kwa dada yako, nikae naye hata wiki. Wewe nawe, yaya Assani, bangili za mama ulizigeuza tofali, sikukusema. Lakini radhi siombi. Sikuombi wewe, simwombi yeye, siombi leo wala kesho. Nilikuambia, Papa Zagabe, mbele ya watu, mkono hautafika, ukacheka, ukaunyosha. Jikune unapofikia."