Bi Kindi na Majani Yaliyojikunja

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walilima na kupika kama sisi, Bi Kindi alikuwa na shamba la viazi kwenye mteremko wenye baridi. Viazi hivyo ndivyo vilivyowalisha wanawe.

Shamba la juu yake lilikuwa la Bwana Nyati. Kila mavuno Nyati alikula viazi vikubwa, vile vidogo akavifanya mbegu. Kumbe vingi vilikuwa vidogo kwa sababu vilitoka kwenye mashina yenye ugonjwa! Mwaka ule mimea yake ikadumaa, majani yakajikunja. Vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani, wakayanyonya, wakawa tayari kurukia kwa Bi Kindi na ugonjwa mdomoni.

"Kaka Nyati," alisihi Bi Kindi, "ing'oe mimea iliyougua. Vidukari wataniambukizia shamba, wanangu walale njaa."

"Ning'oe viazi vyangu? Ng'o! Nenda zako!"

Bi Kindi akarudi nyumbani na hofu yake. Akawaza, akawazua. Kesho yake akapita kwa Nyati akicheka, kwi kwi kwi!

"Unacheka nini, wewe mama?"

"Namcheka Tembo, kaka. Ati mashina yenye majani yaliyojikunja yana mizizi ya ajabu, hakuna awezaye kuyang'oa ila yeye. Ati wewe hata moja hulitikisi!"

"Mimi? Mimi Nyati?" Akavimba. "Hebu tazama!"

Chopo! Chopo! Chopo! Akayang'oa yote yenye majani yaliyojikunja.

"Mh! Na viazi vyake umeviacha chini? Tembo atasema umekata majani tu."

Nyati akachimbua na viazi, jasho likimtiririka.

"Sasa tia guniani hapo hapo, ufunge vizuri, nimpelekee ushahidi."

Gunia likafungwa, vidukari wamo ndani. Bi Kindi na wanawe wakaliburuta hadi kwenye shimo refu, wakalifukia.

Siku si nyingi, Nyati akamkuta Tembo mtoni, akajisifu.

"Viazi gani?" Tembo akashangaa. "Mimi sijasema neno."

Gidi! Gidi! Gidi! Nyati huyo, mpaka mlangoni kwa Bi Kindi. "Umenichezea shere! Leo nalikanyaga shamba lako lote!"

Bi Kindi hakukimbia. "Ni kweli nimekudanganya, kaka. Nakuomba ungoje mavuno. Ukipata haba, njoo ukanyage."

Nyati akangoja, amenuna. Siku ya kuvuna akatia jembe. Lahaula! Viazi vinono, shina baada ya shina! Akajaza kapu, akateremka polepole mpaka kwa Bi Kindi.

"Mama, hili kapu ni la watoto. Ahsante kwa kunidanganya. Sasa nifundishe, mbegu nichague ipi?"

"Ya mashina yaliyokuwa mazima, kaka. Na mimi nakushukuru. Ungeweza kunikanyagia shamba, ukangoja." Machozi yalimlenga. Jioni ile wanawe walikula mpaka wakasaza.

Basi wanangu, ugonjwa ulio shambani kwa jirani ni wako pia, msaidie kuung'oa hata ikibidi kwa hila.